Daktari Kwenye Kiti cha Manispaa

Wenzangu wa fani ya tiba huniuliza, nusu mzaha nusu kweli: ukihitimu ukarudi kwenu Cabo Delgado, wakubwa wa mji wakakutaka uingie barazani, utakubali? Wengi wao wana jibu tayari: siasa ni uchafu, daktari ashike kazi yake. Jibu hilo halinitoshi, na sababu yangu ni kipindupindu.

Kipindupindu hakianzii hospitali. Aprili 25, 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani yetu, na siku chache baadaye ugonjwa ukatangazwa Pemba. Daktari anaweza kumtundikia mgonjwa dripu, mgonjwa akainuka, akarudi nyumbani kunywa maji yaleyale. Wanaoamua mtaro upite wapi na taka za sokoni zizolewe lini hawavai koti jeupe. Mocímboa da Praia ni manispaa tangu uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1998, na mambo hayo huamuliwa mezani pa baraza. Huko Ujerumani alikuwepo tabibu Rudolf Virchow. Mwaka 1848 alitumwa Silesia ya Juu kuchunguza mlipuko wa taifasi, homa inayoenezwa na chawa, akarudi na ripoti iliyozungumzia umaskini na elimu kuliko dawa. Kuanzia 1859 akaingia baraza la mji wa Berlin, akakaa humo hadi kufa kwake mwaka 1902, akipigania maji safi na mifereji ya maji machafu. Kwetu Waislamu si jambo geni pia: Ibn Rushd alikuwa tabibu, na alikuwa kadhi wa Seville na wa Córdoba.

Mtu atanikumbusha wasia wa Mtume (s.a.w.) kwa Abdurrahman bin Samura, kwamba asiombe uongozi. Nami nitamkumbusha Nabii Yusuf (a.s.), aliyeomba mwenyewe asimamie hazina za Misri. Ila tazama alichoomba. Hakuomba kiti cha enzi, aliomba ghala. Njaa ilikuwa njiani na kazi ile aliijua. Kwa kipimo hicho, daktari anayeutaka mtaro simwoni kuwa na kosa.

Ugumu uko kwingine. Kaskazini mwa Msumbiji, mara kadhaa watu wamewashambulia wahudumu wa afya waliokuja kutia klorini visimani, wakiamini kwamba wao ndio wanaoleta kipindupindu. Kwa Kireno maneno hayo mawili, cloro na cólera, yanakaribiana, na baadhi ya wasomi huishia hapo, kana kwamba watu wetu hawasikii vizuri. Mwanasosholojia Carlos Serra wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane alilichunguza suala hili katika kitabu alichokitoa mwaka 2003, na hakuishia kwenye matamshi. Watu walikuwa wanautazama mkono unaotia dawa. Ni mkono wa serikali, ule ambao siku nyingine zote hawauoni ukileta kitu. Sasa daktari akikaa barazani, dawa yake inakuwa ya nani?

Na tangu Oktoba 5, 2017, Mocímboa iliposhambuliwa, swali hilo limekuwa la damu. Mimi kwetu ni Palma, mji uliovamiwa Machi 24, 2021, kwa hiyo siandiki haya kwa kubuni sana. Chukua mama anayemleta mtoto mwenye homa, na katikati ya maelezo anamnong'oneza daktari kwamba kaka wa mtoto hayupo nyumbani mwezi wa tatu sasa. Hakusema kaenda kwa mashababi. Hana haja ya kusema. Jioni ileile daktari yuko barazani, na ajenda inatoka kwenye takataka inaingia kwenye usalama wa mji. Anajua kitu ambacho wenzake wangetoa chochote kukijua.

Najua mafakihi wameruhusu siri ivunjwe ili kuzuia dhara kubwa zaidi. Daktari akiambiwa kwamba mtaa fulani utachomwa kesho, aseme, iwe ana kiti au hana. Lakini kutokuwepo kwa kijana si habari ya shambulio. Ni majonzi ya mama, na yalitolewa kwa amana, chumbani mwa tiba. Likifika barazani, mama yule hatarudi, wala jirani zake. Watoto wao watafia ndani.

Kwa hiyo jibu langu kwa wenzangu ni hili. Nitaingia nikipewa mitaro, maji na taka, na yakianza mazungumzo ya usalama nitatoka nje, tena nitaomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba nimetoka, ili mjini ijulikane. Mwenzangu mmoja ananiambia hakuna meya atakayemvumilia mjumbe wa namna hiyo katika mji wenye wanajeshi barabarani. Huenda ni kweli. Basi kiti wampe mwingine, nami nitakwenda kumsumbua ofisini kwake juu ya mtaro wa sokoni kila Jumatatu.