Mweka Wakfu Asiyejua Jina Langu

Siku muuza unga alipokubali kudhamini kipindi changu cha redio, siku hiyohiyo niliuondoa muziki uliokuwa ukipita chini ya sauti yangu tangu kipindi kianze. Studio nzima ilicheka. Muziki ule ulitolewa bure na lebo moja ndogo ya Ujerumani ambayo imeshazimika. Aliyeutunga hatakuja Unguja, hajui Kiswahili, na hata angekuwa amekaa mbele ya redio asingeitambua ngoma yake ikinguruma taratibu chini ya mazungumzo ya chanjo na maji ya kunywa. Fundi mitambo wetu akaniuliza: "Unamwogopa nani?"

Sikumwogopa mtu, na mahakama haikuwamo kichwani mwangu. Lililonikera ni swali lililokaa nyuma ya lile la fundi: je, naweza kudaiwa na mtoaji ambaye hakunijua, hakunikusudia, na hatapata kamwe habari kwamba nilimtimizia au nilimdhulumu?

Asiyezijua lebo hizi za kutoa muziki bure mtandaoni huzidhania kuwa ni kampuni. Nyingi zilikuwa ni mtu mmoja na kompyuta yake chumbani, mwenye kazi nyingine ya mchana inayomlisha. Mizizi yao inarudi hadi mwaka 1987, pale Mjerumani Karsten Obarski alipotengeneza programu iitwayo Ultimate Soundtracker kwa kompyuta ya Amiga. Kutoka kwake ukaota ukoo mzima wa programu ambazo kijana asiye na ala wala studio aliweza kutungia muziki kwa kupanga herufi na tarakimu katika safu zinazoteremka. Faili lake liliitwa moduli, na ndani yake mlikuwa na kila kitu: sauti za ala, noti, mpangilio. Kupewa moduli ni kama kupewa pilau pamoja na sufuria, viungo, na mpishi mwenyewe akiwa bado amesimama jikoni.

Na kuna jambo moja dogo humo ambalo nalipenda kupita kiasi. Kila sauti ya ala iliachiwa nafasi ya jina, herufi 22 tu, na katika muundo ulioenea zaidi nafasi hizo zilikuwa 31. Mahali pa kuandika "besi" au "tari", watunzi wengi waliandika barua. Salamu kwa wenzao wa nchi nyingine, anwani, maombi ya kuandikiwa, mstari chini ya mstari, zikiwa zimechimbiwa ndani ya wimbo ambako msikilizaji wa kawaida hafiki. Walikuwa wanamwandikia nani? Yeyote atakayejishughulisha kufungua.

Mwaka 1996 Mwingereza Simon Carless alianzisha lebo iliyokuja kujulikana kwa jina la Monotonik, ikatoa moduli kwanza, kisha ikahamia MP3. Hapo jiko likafungwa, tukabaki na chakula. Zikafuata nyingine nyingi: Thinner ya Ujerumani na tekno yake ya taratibu yenye mwangwi mzito, ya watu kama Marko Fürstenberg, Enough Records ya Ureno, iliyoanza 2001. Bila santuri, bila duka, bila bei. Unabonyeza, unasubiri, kinashuka. Kwa kasi ya intaneti tuliyokuwa nayo Zanzibar miaka ile, ulikuwa na nafasi ya kusali na kurudi kabla albamu haijakamilika.

Desemba 2002 zikatoka leseni za kwanza za Creative Commons, shirika ambalo mwanasheria Lawrence Lessig wa Marekani alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na lebo hizi zikazikumbatia. Ile waliyoipenda wengi ina masharti matatu: mtaje mtunzi, usiufanyie biashara, usiubadilishe. Hilo la pili ndilo lililonifanya niuondoe muziki siku alipokuja muuza unga. Ukiyatimiza hayo, sikiliza, nakili, mpe jirani, mpe dunia. Na leseni ikishatolewa hairudishwi. Mtunzi akijuta kesho, aliyeupata muziki leo chini ya leseni hiyo hanyang'anywi.

Masharti haya nilikuwa nimeshayasikia, katika kinywa cha ami yangu. Yeye ni mutawalli, yaani msimamizi, wa wakfu mdogo hapa Mji Mkongwe: nyumba mbili na kisima, mapato yake ni ya msikiti. Ana daftari la hesabu lenye jalada jekundu, na ana kisa kimoja asichochoka kukisimulia, cha Sayyidna Omar na ardhi yake ya Khaybar. Omar alipata ardhi asiyowahi kupata mali bora kuliko hiyo, akamwendea Mtume kumtaka ushauri. Akashauriwa alizuie shina na ayatoe matunda yake sadaka. Basi ardhi ile haikuuzwa, haikutolewa zawadi, haikurithiwa. Matunda yake yakawa ya mafukara, jamaa, wasafiri na wageni. Na anayeisimamia hana lawama akila kwa wema au akimlisha rafiki, alimradi asijitajirishe kwayo.

Ale, amlishe rafiki, asijitajirishe. Sijui kama mawakili wa California walipata kukisikia kisa hicho, lakini sharti lao la pili lilikwishasemwa karne kumi na tatu kabla yao, tena kwa maneno machache zaidi.

Marcel Mauss, Mfaransa, aliandika mwaka 1925 insha mashuhuri juu ya zawadi. Alikusanya habari za watu wa visiwa vya Pasifiki na wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, akaona kwamba hakuna zawadi isiyo na deni: mtu analazimika kutoa, analazimika kupokea, analazimika kurudisha. Watu wa pwani hatukuhitaji kuambiwa. Aliyewahi kushika daftari la michango ya harusi, nani kaleta kanga, nani kaleta nusu gunia la mchele, anajua kwamba ukurasa ule utafunguliwa tena siku mwenye mchele atakapomwoza mwanawe. Baadaye Jacques Derrida akalikaza fundo zaidi: zawadi ikishajulikana kuwa ni zawadi imeshageuka mkopo, kwa hiyo zawadi safi haiwezekani.

Nampa Derrida haki yake, maana fundo lake ni gumu kweli likiwa baina ya watu wawili. Lakini wakfu hauko baina ya watu wawili. Mafakihi wanatofautisha vizuri. Hiba inataka mtu wa kupokea: akubali, aishike mkononi. Kisima kilichowekwa kwa ajili ya wapita njia hakingojei mpita njia aseme nimekubali, angeanza nani? Mtoaji amekwisha kutoa kabla ya kiu yangu, pengine kabla sijazaliwa. Deni lipo, ila limeelekezwa kwingine. Simrudishii yeye kitu. Nalitimiza sharti la kisima, na ninayemtimizia ni kila atakayekuja na ndoo baada yangu. Ndiyo maana kutokuwepo kwa yule mtunzi hakunifungulii mlango wowote. Hata angekuwepo, deni langu lisingekuwa kwake.

Nilimjaribu ami kwa hili, barazani baada ya alasiri.

"Ami, mtu ameweka kisima kwa sharti, akafa, na hakuna aliye hai anayemjua. Sharti limekufa naye?"

"Kisima kimekauka?"

"Hakijakauka."

"Basi unaniuliza nini?"

Nikamweleza habari ya muziki. Akasikitika, kwa sababu yeye muziki hausikilizi na hakupenda kuusikia umewekwa safu moja na kisima. Najua mabishano yaliyopo. Ghazali aliyatengea kitabu kizima ndani ya Ihyaa, na sitayamaliza mimi. Hata hivyo ufakihi ulimshinda akaanza kuuliza. Kitu hicho kikitumiwa, kinabaki? Maana chakula hakiwekwi wakfu: kukitumia ndiko kukimaliza. Nikamwambia kinabaki chote, hata wakikichukua watu laki moja kwa siku moja. Akanyamaza kidogo, akasema angependa kisima chake kingekuwa na tabia hiyo mwezi wa Januari.

Nilibakiwa na shaka juu ya sharti la kwanza, la jina. Kurani inatufundisha kwamba sadaka ya dhahiri ni njema, na ya siri kwa mafukara ni bora zaidi. Injili ya Mathayo inataka mkono wa kushoto usijue unachotoa wa kulia. Mtu anayetoa bure huku akisisitiza atajwe, hakutoa kwa riya? Kisha nikayatazama majina yenyewe. Mengi ni lakabu: herufi mbili tatu, tarakimu, neno lisilo na maana yoyote. Jirani wa mtunzi hawezi kumsifu kwa jina asilolijua. Hilo si jina la kujionyesha. Linafanya kazi ile inayofanywa na isnadi. Msomaji wa hadithi anapoanza "fulani kutoka kwa fulani" hamtukuzi mtu. Anaacha njia, ili anayekuja nyuma aweze kurudi kwenye chanzo na kuona kama kuna kilichoongezwa au kupunguzwa. Kwa hiyo nilipokuwa bado nautumia muziki ule, nilitaja lakabu na lebo kila mwisho wa kipindi. Kiongozi wa zamu aliziona sekunde zile kuwa ni hasara. Alikuwa na haki ya kuziona hivyo, na mimi niliendelea kutaja.

Kisima bila mutawalli ni shimo, na hapa ndipo watoaji wengi wa mtandaoni hawakufikiri mbele. Machi 2019 Myspace ilikiri kwamba katika kuhamisha seva ilipoteza nyimbo zilizopakiwa tangu 2003 hadi 2015. Zilizotajwa ni zaidi ya milioni 50. Waliotoa walikuwa na nia njema na wasikilizaji walikuwepo, ila katikati palikaa kampuni ambayo haikuwa na amana yoyote shingoni mwake. Nia ya mtoaji haihifadhi kitu. Ami angeweza kuwaambia: nusu ya kazi ya wakfu ni paa.

Sehemu kubwa ya muziki wa lebo hizi imesalimika kwa sababu Internet Archive ya San Francisco, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, iliutengea hifadhi yake maalumu. Jengo lake, tangu 2009, ni kanisa la zamani la Sayansi ya Kikristo lenye nguzo nyeupe mbele. Ndani ya ukumbi wa ibada, mabenchi bado yapo. Pembeni zimesimama sanamu ndogo za watumishi waliofanya kazi humo kwa miaka kadhaa, na ukutani seva zinawaka taa. Sanamu zinanitia wasiwasi kidogo, malezi yangu ni yale yale ya ami. Lakini nyumba ya ibada iliyogeuzwa ghala la sadaka za watu wasiojulikana ni jambo ambalo hata ami alilitikisia kichwa kwa kuridhika. Na kuhifadhi si bure: Novemba 2013 jengo la jirani walimokuwa wakipiga picha vitabu liliungua, na Oktoba 2024 wavamizi wa mtandao waliifanya tovuti izimike kwa siku kadhaa. Anayepakua bila kulipa anakunywa maji ambayo kuna mtu analipia pampu. Mimi huwapelekea kitu kila Ramadhani. Ami hakubali kuiita zaka, na yuko sawa, naiandika sadaka.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna Mburahati.

Dar es Salaam, katika mitaa kama hiyo, vijana walitengeneza singeli kwa kompyuta za bei ndogo, ngoma inayokimbia mapigo 200 kwa dakika na kupita. Studio ya Sisso iko huko. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi zake, Sounds of Sisso, na dunia ikageuza shingo. Kabla ya hapo, na hadi leo, singeli imesambaa kwa kadi za simu, kwa WhatsApp, kwa vibanda vya kuingiza nyimbo, bila mtunzi kupata senti. Ukitazama kwa mbali utasema ni jambo lilelile: muziki wa kielektroniki, watu wadogo, bure, mkono kwa mkono. Nimesikia wageni wakisema hivyo kwa furaha, tena wakitumia neno ukarimu.

Omar alitoa ardhi iliyokuwa yake, akijua thamani yake, akiwa na mali nyingine. Wale wa Monotonik na Thinner waliamua kutoweka bei. Kijana wa Mburahati hakuna aliyemuuliza bei. Huwezi kuweka wakfu kitu ulichokwisha kuchukuliwa, na anayekupora kisha akakusifu kwa ukarimu amekudhulumu mara mbili. Kwa nje mafaili hayana tofauti: yote yanashuka, hakuna anayelipa, wote wanacheza. Inabidi umtafute mwenyewe umuulize.

Nilipomweleza ami, aliuliza kama vijana hao wana madeni. Nikasema wanadaiwa umeme na kodi ya chumba. Akasema mwenye deni hushauriwa alipe kwanza, wakfu baadaye, na anayemshauri kinyume cha hivyo hamtakii heri.

Sasa kipindi changu kinafunguliwa na singeli. Mtayarishaji wake nilimpigia, tukabishana, akapandisha, nikashusha, tukaelewana. Malipo yake yako kwenye bajeti tuliyompelekea muuza unga, mstari wa tatu, chini ya usafiri na juu ya vocha. Alipousoma alitaka kujua kwa nini tunalipia muziki wakati mtandao umejaa wa bure, nikamwambia aje studio siku moja tuzungumze, kwa sababu jibu lenyewe halienei kwenye simu.