Je, Uzee ni Ugonjwa?

Kumezuka suala ambalo baba zetu hawakuulizwa, nalo sasa laulizwa barazani: mtu aliyefika miaka hamsini, hana maradhi, ila magoti yamekuwa mazito na usingizi wa alasiri wamshinda, je, yafaa atoe mali yake adungwe sindano ya kumrejeshea nguvu za ujana? Wako walioharakia kusema ni haramu, kwa kuwa ni kushindana na kudra. Na wako wasemao kuwa kila kitokacho kwa daktari ni dawa. Kauli zote mbili zimesemwa kabla ya kukijua kitu chenyewe.

Kitu chenyewe ni koenzaimu iitwayo NAD. Waingereza wawili, Arthur Harden na William Young, ndio walioigundua mwaka 1906, walipokuwa wakichunguza jinsi hamira ichachuavyo sukari. Imo katika kila seli ya mwili, na pasina yake chakula hakigeuki kuwa nguvu, kama makaa yasivyowaka pasina hewa. Wataalamu wameona kuwa katika baadhi ya viungo hupungua kadiri mtu aendeleavyo umri. Hapo wafanya biashara wakaingia: ikiwa yapungua, basi na tuijaze kwa dripu. Hivyo ndivyo iuzwavyo leo Marekani, Uingereza na Dubai, na Nairobi pia imekwisha fika.

Yatakikana kupima. Kwamba kitu chapungua uzeeni si dalili kuwa kukirudisha kutauondoa uzee. Rangi ya nywele nayo hupungua, na hina haijamrudisha mtu ujanani. Mengi yasifiwayo yameonekana kwa panya. Kwa wanadamu haijathibiti kuwa sindano hii huchelewesha uzee. Tena ikitiwa mwilini kwa haraka huleta kichefuchefu na kubanwa kifua, ndipo dripu yake ikachukua masaa.

Ama sheria, sisi tumeamrishwa kujitibu. Katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Usama bin Sharik, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, akavua kimoja tu, nao ni uzee. Wako walioifahamu kuwa ni katazo. Si katazo, ni khabari. Mzee mwenye mtoto wa jicho atatibiwa jicho lake, na mwenye upungufu atajaziwa upungufu wake. Lililovuliwa ni ule mwendo wenyewe wa umri, ambao hauna wa kuusimamisha.

Na upungufu wa kweli upo. Pelagra ni ugonjwa uharibuo ngozi, tumbo na akili, nao huwapata watu waishio kwa mahindi matupu, kwa sababu niasini iliyomo ndani ya mahindi imefungika, na niasini ni katika vitu ambavyo mwili hufanyia NAD. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Marekani alionyesha kuwa ni niasini iliyowaponya mbwa wenye ugonjwa kama huo. Basi wazame watu wa Meru na Embu: chakula chao ni githeri, mahindi na maharagwe katika chungu kimoja, na maharagwe huleta yale ambayo mahindi yameyazuia. Mama wa Runyenjes ainjikaye chungu hicho huwatia wanawe asili ya kitu kile kile kiuzwacho kwa dripu, wala hajalisikia jina lake.

Lakini tusiwacheke matajiri wa dripu, kwani sisi watu wa pwani tunayo yetu. Miraa yatoka milima ya Nyambene kule Meru, muguka watoka Mbeere katika Embu, na kila siku huteremshwa kwetu. Mwaka 2024, mwezi wa Mei, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita-Taveta ziliupiga muguka marufuku, na haukwisha mwezi Mahkama Kuu ya Embu ikazisimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Simlaumu mkulima wa Mbeere peke yake. Ardhi yake ni kavu, na mti huo ndio umlipiao karo. Namuuliza mlaji: nguvu aipatayo yatoka wapi? Kathinoni iliyomo ndani ya majani huushurutisha ubongo usihisi uchovu, na uchovu wenyewe upo pale pale. Mjeledi humkimbiza punda, haumlishi. Ibn Hajar al-Haytami aliandika risala juu ya mti huu katika karne ya 16, akanasihi uachwe, na hiyo ni zama ambayo haikumjua mtu atafunaye tangu adhuhuri hata usiku wa manane, watoto wakamngojea na unga.

Jambo moja la Wameru lanishughulisha zaidi. Zamani kwao miraa ilikuwa ya wazee na ya shughuli za heshima. Bunda lake lilipelekwa kwa kuposea. Na katika baraza lao la Njuri Ncheke mtu huingia kwa umri na mwenendo wake. Uzee ulikuwa cheo. Nadhani wengi waitafutao sindano hawaogopi magoti. Waogopa kuwekwa kando. Mzee asiyeshauriwa nyumbani mwake, akapitwa kama kiti kibovu, atarudishiwa nini na dripu?

Kwa hiyo mwenye maradhi, akaandikiwa na tabibu ajuaye, huyo ni mwenye kujitibu, hana lawama. Mzima atakaye kujaribu, sina dalili ya kumharimishia, ila asitumie fedha iliyo haki ya mke na wana, na kwanza atazame chakula chake, usingizi wake na miguu yake, kwani mwendo wa kila siku huzidisha ndani ya seli vile viwanda vidogo vya nguvu. Muuzaji naye ana hukumu yake. Akisema auza dawa ya majaribio, akaeleza madhara yake, amesema kweli. Akiahidi ujana, ameuza asichokuwa nacho. Hiyo ni ghushi, na mnunuzi ana haki ya kurejeshewa mali yake.