Subira ya Kapiteni Walker

Wanavyuoni wameisifu subira kwa karne nyingi, hata imekuwa nadra kumpata mtu athubutuye kuitilia shaka. Walakini liko suali moja ambalo kila aipendaye dini yake hana budi kulikabili, nalo ni kwamba, je, subira hubaki kuwa fadhila inapotumika kuvizia roho ya mwanadamu?

Suali hili hunijia kila nitafakaripo habari za Kapiteni Frederic John Walker, mzaliwa wa Plymouth, aliyetunukiwa nishani ya DSO mara 4 katika Vita Vikuu vya Pili kwa kuziangamiza nyambizi za Wajerumani. Kabla ya vita, wakubwa wake walikuwa wamekwisha mruka katika kupandisha watu vyeo. Lakini Desemba 1941 alisindikiza meli 32 za shehena kutoka Gibraltar, zikapotea 2 tu, na tangu hapo jina lake likavuma.

Tarehe 1 Juni 1943, manowari yake Starling na wenziwe waliivumbua katika Atlantiki nyambizi iitwayo U-202, nayo ikapiga mbizi hata kina ambacho mabomu yao hayakukifikia. Walker hakuhamaki, bali alikadiria saa ambayo hewa itawaishia waliomo, akakaa juu yao akingoja. Na baada ya saa kama 15, katika usiku wa manane, nyambizi ikaibuka, ikapigwa mizinga, ikazama.

Atakayemtetea atawataja mabaharia wa meli za shehena, watu raia, waliokufa kwa maelfu kwa topido za nyambizi hizo. Na hoja hiyo naikubali, kwani kumkinga asiye na silaha ni wajibu. Lakini subira isifiwayo ni ya mtu kuyachukua machungu yake mwenyewe, ilhali machungu ya kungoja kule yaliwaangukia wale wa chini, ambao kila pumzi waliyoivuta iliwapunguzia zilizosalia. Huo ulikuwa ustadi, na katika vita vile ulikuwa ustadi wa halali. Kuuita fadhila siwezi.

Haikutimia miezi mitatu, mwanawe Timothy akafa ndani ya nyambizi ya Kiingereza, Parthian, iliyopotea na wote waliokuwamo Agosti mwaka ule ule. Baba akaendelea na kazi ile ile, na mwanzoni mwa 1944 kundi lake likazamisha nyambizi 6 katika safari moja. Ya mwisho ilikuwa U-264, nayo ilipoibuka na kuzama, mabaharia wake wote waliokolewa na kundi lile lile lililowawinda. Na manowari isimamayo kuokota watu hujianika mbele ya topido ya nyambizi nyingine, kama ilivyodhihirika upesi, maana Woodpecker, mojawapo ya manowari za kundi hilo, haikukaa sana ikapigwa, ikazama ikiwa inakokotwa kurudi kwao. Walker mwenyewe alifariki Liverpool tarehe 9 Julai 1944, umri wake miaka 48, kwa maradhi ya ubongo yaliyohesabiwa kuwa matokeo ya uchovu. Mtu anitakaye nimwonyeshe fadhila katika habari zake simpeleki kwenye zile saa 15 za Juni. Nampeleka kwa mzazi huyu mwenye msiba, aliyeziacha manowari zake zisimame katika bahari ya hatari ili wapandishwe wana wa watu wengine, kwa kuwa hapo gharama ilikuwa juu yake na watu wake.