Kuficha Karata na Kuficha Maana

Je, mtu akitamka neno ambalo maana yake si ile inayosikika, amesema uongo? Mimi swali hili nimelikuta kwenye karata, lakini linawahusu wote wanaokaa upande wa meza wenye karata ndogo.

Huku Muhuta, kando ya Tanganyika, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa Wazungu Bujumbura alinifundisha briji. Mnacheza wanne, wawili wawili, na mwenzako anakaa mbele yako. Kila mtu ana karata 13. Kwanza kuna mnada: kwa zamu mnataja mtashinda mizunguko mingapi, na turufu ni ipi, yaani pau, uru, kopa au shupaza, au bila turufu kabisa. Zaidi ya hapo huruhusiwi kumwambia mwenzako chochote.

Ree ina alama 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Zote pamoja 40. Mpinzani akifungua kwa kusema "moja bila turufu", mara nyingi ana 15 hadi 17. Ana nguvu, na nafasi ya wengine kusema imebaki ndogo. Wewe una alama kumi hivi, lakini una kopa tano na shupaza tano. Utasemaje? Wengi wanatumia mapatano ya Mmarekani Alvin Landy. Unasema "pau mbili". Kumbe pau zenyewe huna! Maana yake ni hii: "Mwenzangu, ninazo kopa na shupaza, chagua wewe."

Huo si uongo, kwa sababu sheria inakataza mapatano ya siri. Mpinzani akiuliza, "Hizo pau mbili maana yake nini?", mwenzako lazima aeleze mlivyopatana. Aliyefungua naye anabanwa hivyo hivyo: katika mashindano ya Marekani na Uingereza, mwenzake anatangaza kiwango cha alama palepale. Kwani aliyefungua na 12 hadi 14 anajibiwa kwa njia nyingine, na asiyejua kiwango hawezi kujilinda. Karata zako unaruhusiwa kuzificha. Maana ya maneno yako, hapana. Mwaka 1975, kwenye ubingwa wa dunia kule Bermuda, Waitalia wawili, Facchini na Zucchelli, walikemewa kwa mambo ya miguu chini ya meza, na vizuizi vikawekwa chini ya meza hizo.

Hata sokoni Magara, muuza mukeke akisema "bei ya mwisho", wote tunajua bado kuna nyingine. Hajamdanganya mtu, isipokuwa mgeni asiyeelezwa.

Sasa tuje kwetu. Januari 2018, maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa wakashukia Rumonge. Chukua mama mmoja kati ya wanaovuka namna hiyo. Anaulizwa ana watoto wangapi, anajibu saba. Watatu ni wa marehemu shemeji yake. Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto, hakuna anayesema "wa kufikia". Lakini kwenye fomu, neno "mtoto" linataka uliyemzaa. Baadaye wakihesabu wanakuta wanne, na mama anaitwa mwongo. Nani amekosea hapo? Kila mmoja alisema kweli kwa lugha yake, ila hakuna aliyeuliza neno la mwenzake lina maana gani.

Na ofisi nazo zina pau mbili zao. "Faili lako linashughulikiwa." "Tutakupigia." Wenyewe wanaelewana kwamba pengine hiyo ni hapana. Mkimbizi anakaa na simu mkononi miezi.

Mtu ataniambia, "Ndugu, acha mchezo, hapa ni unga wa watoto." Kweli kabisa. Kwenye briji zamu ya kufungua inazunguka. Kambini anafungua yule yule kila siku. Ndiyo maana nasema wajibu wa kueleza unaanza kwake, maana sisi tunajibu kufuatana na alivyofungua. Lakini na sisi hatusamehewi yote. Yaliyonipata usiku wa kuvuka ni karata zangu, nina haki ya kunyamaza. Ila tukipatana kwa siri kwamba "mtoto wangu" ni mtoto wa jirani aliyekwisha kuandikwa kwao, hiyo ni miguu chini ya meza, na anayeumia kwanza ni aliye nyuma yetu kwenye mstari, wala si ofisi.

Basi, ninyi mlioko Kavumu, Bwagiriza au Nyarugusu, na ninyi mnaoshika fomu: kabla ya kumwita mtu mwongo, muulize, "Kwenu neno hili lina maana gani?" Na ukiulizwa wewe, jibu, hata kama jibu lenyewe ni hapana. Mama akijua ni hapana, ataacha kungoja simu na kutafuta njia nyingine.