Mgongo Usio na Jeraha



Siku moja, mafundisho yalipokwisha, mkatekumeni mmoja alibaki nyuma hata wenzake wote wakaenda zao. Nikaona ana neno moyoni. Akasema: "Mwalimu, yaya wangu amerudi kutoka Kolwezi. Miaka sita alikuwa akibeba magunia ya mawe machimboni. Sasa yuko nyumbani. Hana kidonda, hana homa, chakula anakula. Lakini asubuhi hawezi kuinuka mpaka jua lipande, na shambani haendi. Baba asema ni mvivu. Mama mdogo asema kuna mtu amemfunga mgongo. Mimi niseme nini?"

Sikumjibu siku ile, maana swali lake ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ndani yake mna swali jingine: je, mtu aweza kuwa na wajibu wa kusadiki jambo ambalo macho yake hayalioni, wala mikono yake haiwezi kuligusa?

Mtasema: Mwalimu, sisi twasadiki mengi yasiyoonekana. Kweli. Lakini nimeona kwamba ni rahisi kusadiki malaika kuliko kusadiki maumivu ya jirani, kwa kuwa malaika hawatuombi tuwalimie shamba.

Kwanza na tulijue jambo lenyewe. Uti wa mgongo wa mtu umejengwa kwa pingili nyingi, moja juu ya nyingine. Mtoto azaliwapo anazo 33, na zile za chini kabisa huungana kadiri anavyokua. Kati ya pingili nyingi na mwenzake kuna kitu kama mto mdogo, kizuiacho mfupa usisage mfupa. Miaka ikipita, mito hiyo hukauka na kupungua, na viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili huchakaa. Hiyo ndiyo baridi yabisi ya mgongo ambayo wazee wetu wengi wanayo. Yabisi maana yake kavu, ngumu; aliyelitoa jina hilo nadhani aliumwa mwenyewe.

Tena iko namna nyingine, isiyo ya uzee. Huanza polepole mtu akiwa angali kijana, mara nyingi kabla hajafikisha miaka 45. Waganga huiita spondilatriti. Hapo mwili wenyewe huwasha kama moto katika viungo vya mgongo, hasa kule chini uti unapokutana na nyonga. Na baada ya miaka mingi pingili zaweza kushikamana zikawa kama fimbo moja. Katika Afrika yetu ugonjwa huu ni haba kuliko Ulaya, lakini upo. Ajabu yake ni hii: kupumzika huuzidisha, kutembea huupunguza. Usiku wa manane humwamsha mgonjwa. Asubuhi mgongo ni kama ubao. Akijinyosha na kutembea, kidogo kidogo unalegea. Basi tazameni hatari yake. Mtu huyo saa kumi na mbili ya asubuhi hawezi kushika jembe, na saa nane ya mchana watu wamwona akitembea njiani. Ile dalili yenyewe ya ugonjwa wake, majirani waifanya ushahidi wa uongo wake.

Mimi si mganga, wala sisemi kwamba yaya wa mkatekumeni yule ana ugonjwa huu au ule. Mgongo wa mchukuzi una sababu nyingi za kuumwa. Nyote mwajua habari za machimbo. Wazee wa nchi hii waliyeyusha shaba zamani sana, wakafanya misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Baadaye ikaja kazi ya kampuni. Na Gécamines ilipodhoofika katika miaka ya 1990, watu wengi walibaki bila mshahara. Kanuni ya madini ya mwaka 2002 ikawaruhusu wananchi kuchimba kwa mikono mahali palipotengwa, na vijana wengi mno wa vijijini wakaenda Kolwezi, wengine hata mahali pasipotengwa. Hushuka shimoni wameinama, hufanya kazi wameinama, hupanda na gunia ambalo laweza kufika kilo 50 au kupita. Mizani ya mnunuzi hupima jiwe. Haipimi mgongo uliolibeba.

Sasa lazima niungame kosa langu, maana bila hilo sina haki ya kuwafundisha katika jambo hili.

Padri hafiki kijijini kwetu kila Jumapili. Asipofika, mimi ndiye ninayeongoza sala. Miaka minne iliyopita nilikuwa na kiburi cha mgongo mzima. Kulikuwa na mama mmoja mjane ambaye, kila tulipopiga magoti, yeye alibaki ameketi, mikono yake juu ya benchi la mbele. Mimi nikaona ni dharau. Jumapili moja nilimwambia mbele ya watu: "Mama, je, Bwana Mungu hastahili magoti yako?" Alitazama chini, akasema: "Ndiyo, Mwalimu." Jumapili iliyofuata alipiga magoti, nami nikafurahi kwamba mafundisho yangu yamezaa matunda. Sikuona kwamba sala ilipokwisha, wajukuu wake wawili ndio waliomwinua. Niliambiwa baadaye.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, sikuweza kuinama kufunga viatu vyangu. Nilikuwa na miaka 33. Tangu siku ile mgongo wangu haujanyamaza. Naandika ubaoni kwa robo saa, kisha naegemea ukuta. Watoto wa shule wamezoea. Lakini mtu mmoja tufanyaye kazi pamoja alisema, nami nasikia: "Nguvu za kuimba anazo, nguvu za kushika jembe la shule hana." Neno lile liliniuma mahali ambapo hakuna pingili.

Nikaenda kwa yule mama kumwomba radhi. Alinitazama nikihangaika kukaa juu ya kigoda kifupi. Akainuka polepole, akishika mlango, akaniletea kiti kirefu. Juu ya mambo ya zamani hakusema neno.

Basi turudi kwa swali. Wengine husema: mpeleke hospitali, apigwe picha ya mifupa, ndipo tutajua kama anasema kweli. Hospitali ni lazima, nami nitaieleza. Lakini picha haiamui shauri la ukweli. Watu wengi ambao pingili zao zimechakaa pichani hawaumwi hata kidogo. Na wengine wasiolala usiku, picha yao ni safi. Picha huonyesha mfupa, haionyeshi maumivu. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kiliandika upya maelezo ya neno hilo, na kati ya mambo kiliyoyatia humo ni hili: mtu akieleza kwamba aumwa, maelezo yake yaheshimiwe. Wataalamu hao wana vyombo ambavyo sisi hatuna, na bado wamerudi kwenye neno la mgonjwa.

Mtaniuliza: na waongo je? Wapo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nayajua maumivu ya tumbo yanayoanza saa ya hesabu na kupona saa ya mpira. Lakini tupime makosa mawili. Nikimsadiki mwongo, nimepoteza kikapu cha mihogo na jasho la siku chache. Nikimkana mgonjwa wa kweli, nimemtwika mzigo wa pili juu ya mgongo uliokwisha kulemewa. Tena nimemshuhudia uongo. Amri ya nane haisemi juu ya baraza la hakimu tu. Anayesema kijijini "fulani ni mvivu", naye hajui, ametoa ushahidi juu ya jambo asiloliona. Hasara ya kwanza ni ya mali yangu. Ya pili ni ya jina la mwenzangu, nalo likiisha kuchafuka halioshwi kwa siku moja.

Wala sisemi tufumbe macho. Mtazameni mtu siku nyingi. Mvivu huikwepa kazi na kuifuata ngoma. Mgonjwa hukosa kazi na ngoma pia. Nilipouliza habari za kijana yule, niliambiwa kwamba hata harusi ya binamu yake aliondoka mapema, akajilaza chini nyuma ya nyumba. Hakuna aliyelikumbuka jambo hilo walipokuwa wakimhukumu.

Neno la mama mdogo ni baya kuliko la baba. Uvivu ni tusi kwa mtu mmoja. Uchawi hutafuta mtu wa pili. Maumivu yasiyo na jeraha hutafutiwa mwenyewe, na anayepatikana ni nani? Ni nkambo aliyebaki peke yake, au mtoto yatima anayelishwa na ndugu. Mmewaona watoto wa namna hiyo mjini, waliofukuzwa nyumbani kwa sababu mgongo au tumbo la mtu mzima halikupona. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi, na yasema sheria itaadhibu.

Mkatekumeni mwerevu ataniambia: Mwalimu, Mtakatifu Luka, katika sura ya 13, asimulia habari za mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18, na Yezu mwenyewe alisema kwamba Shetani ndiye aliyemfunga. Ndivyo ilivyo. Lakini angalieni asilolifanya Bwana. Hakuuliza ni jirani gani. Hakumtafuta shangazi wala mtoto. Hakumuuliza mwanamke amekosa nini. Alimwona, akamwita, akaweka mikono juu yake. Na mkuu wa sinagogi alipokasirika kwa ajili ya siku ya Sabato, Bwana alimtetea mbele ya wote na kumwita binti wa Abrahamu, yaani mmoja wa jamaa yetu. Nilizisoma habari hizi mara nyingi kabla sijagundua kwamba, siku ile nilipomkemea mama mjane, mimi nilikuwa mkuu wa sinagogi.

Wengine hufikiri kwamba mkristu mwema huvumilia bila dawa. Sivyo. Papa Pio XII aliulizwa na waganga juu ya dawa za kutuliza maumivu, akawajibu mwezi wa pili mwaka 1957 kwamba mkristu hafungwi kukataa dawa hizo. Kuvumilia ni kwa yale yanayobaki baada ya kutafuta msaada. Ila jihadharini na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa sokoni: vingine hutuliza leo na kuharibu tumbo, figo au mifupa baadaye.

Na mgonjwa naye ana wajibu wake. Aseme kweli, asizidishe wala asifiche. Afanye anachoweza saa anapoweza; siku hizi waganga hawaamuru tena kulala kitandani majuma mengi, bali kutembea na kuunyosha mgongo. Tena asingoje kwenda hospitali ikiwa ana homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, au ikiwa pingili zinatokeza kama nundu, maana kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo, nacho hutibika kwa dawa za miezi mingi kikigunduliwa mapema. Miguu ikilegea, au akishindwa kuzuia mkojo, aende siku ileile.

Kijana yule amepelekwa hospitali mjini. Waganga hawajamaliza kazi yao. Baba yake alitoa fedha za njia, lakini bado asema yaleyale jioni karibu na moto. Mama mdogo amenyamaza; sijui kama ni kwa kusadiki au kwa kuniogopa. Mkatekumeni alikuja tena, akaniuliza yeye afanye nini, maana hana fedha, wala neno lake halina uzito mbele ya wakubwa.

Nikamuuliza: "Asubuhi wamsalimuje yaya wako?"

Akasema: "Kama watu wote, Mwalimu. Namuuliza ameamkaje, naye ajibu, salama."

"Na wewe huenda zako?"

"Naenda zangu."

Nikamwambia: "Kesho muulize hivyohivyo. Akisema salama, usiende. Keti."

Alifanya hivyo. Aliniambia kwamba yaya wake alikaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kueleza usiku wake, saa kwa saa, tangu jogoo wa kwanza.