Mahindi Yenye Kuvu na Hukumu ya Muuzaji

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu wa Kanyangi na pande zote za Ukambani, Imam Muslim amepokea kwa Abu Huraira (R.A.) ya kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata majimaji. Mwenyewe akatoa udhuru kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake.

Unyevu huo, ambao wengi huuona jambo dogo, umeua watu katika nchi yetu hii. Mwaka 1981, katika Wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo Makueni ilikuwa ndani yake, wagonjwa 20 walilazwa kwa maradhi ya ini, wakafa 12. Mwaka 2004 msiba ukarudi: waliugua 317, wakafa 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Wataalamu wa Wizara ya Afya na wenzao wa Marekani walichunguza, wakakuta sababu ni aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu iotayo katika nafaka yenye unyevu. Walipopima mahindi ya madukani na sokoni, 55 kwa mia ya sampuli zilipita kipimo kilichoruhusiwa. Basi sumu haikubaki ghalani mwa mkulima. Ilipita katika mizani ya wafanya biashara.

Tena waliokufa upesi ndio walioonekana tu. Mwenye kuila kidogo kidogo kwa miaka hukaribishwa saratani ya ini, khasa akiwa na homa ya ini ya B. Kuipika hakuiondoi, iwe ni ugali au muthokoi. Na ng'ombe akilishwa, hupita katika maziwa.

Wako wasemao kuwa ajali imeandikwa. Ni kweli, lakini aliyeiandika ndiye aliyetukataza kujitia katika maangamizo. Na Imam Ghazali ameihesabu elimu ya tiba kuwa faradhi ya kutosheleza. Wachunguzi wametimiza yao. Elimu ikishafika, udhuru wa muuzaji umekwisha.

Basi anikeni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakikauka barabara, yatieni katika ghala iliyoinuliwa, si sakafuni mwa nyumba. Yaliyoota kuvu msiyachanganye na mazima, msiyauze, wala msimpe maskini mkaita sadaka, kwani Suratul Baqara imekataza kukusudia kibaya katika kutoa.

Najua kuwa mwaka wa ukame gunia moja ndilo uhai wa nyumba nzima. Kwa hiyo atakayelitupa kwa kumcha Mungu, majirani na wenye zaka wamsaidie, asiachwe achague baina ya njaa na sumu. Asiyemsaidia naye ana sehemu yake katika dhambi ya soko.

Mwenyezi Mungu aturuzuku halali iliyo njema, na atulinde na khiyana. Amin.