Mwenye Ng'ombe Alikuwa Ameonywa

Mahubiri ya Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba
Somo: Kutoka 21:28–32



Katika sheria alizopewa Musa imo moja ambayo wengi wetu huipita upesi tukisoma, kwa kuwa haisikiki mara nyingi kanisani. Ni habari ya ng'ombe anayeua mtu kwa pembe zake. Ng'ombe wa namna hiyo hana budi kuuawa, na nyama yake hailiwi, lakini mwenyewe huachwa bila hatia, maana hakujua. Ila kama ng'ombe huyo alijulikana tangu zamani kuwa ni mkali, na mwenyewe alikwisha kuambiwa, naye asimfungie, basi hatia haiishii kwa mnyama. Inamfuata mwenyewe mpaka nyumbani kwake.

Tunaileta sheria hii leo kwa sababu vijana wa mtaa wetu wametuuliza swali. Wanasikia redioni habari za Marekani, jinsi watoto wanavyopigwa risasi shuleni, na kila mara baada ya mazishi wakubwa wanarudia mabishano yale yale. Kwa nini hawaachi kubishana wakafanya jambo? Swali hili ni zuri, wala halifai kujibiwa kwa kutikisa kichwa na kusema, "Dunia imeharibika."

Mabishano yenyewe ni haya. Nyongeza ya Pili ya Katiba ya Marekani, iliyokubaliwa mwaka 1791, inataja haki ya watu kushika silaha, na mwaka 2008 Mahakama yao Kuu ilihukumu kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, hata aweke bastola nyumbani kwa kujilinda. Basi wako wasemao: bunduki haisimami yenyewe ikaua, mtazameni mtu, moyo wake na akili zake, kwa maana dalili huonekana mapema. Na wako wanaojibu: watu wenye hasira na wenye kuchanganyikiwa wapo katika kila nchi, lakini penye bunduki nyingi, hasira ya saa moja huwa msiba wa mji mzima. Wa kwanza hutaka tuangalie dalili tu. Wa pili hutaka tuangalie silaha tu.

Wale wa kwanza hupenda kumtaja Kaini, ambaye hakuwa na bunduki. Ni kweli, hakuwa nayo. Lakini someni vizuri Mwanzo sura ya 4. Kabla Kaini hajamwua ndugu yake, uso wake ulikunjamana, na Mungu mwenyewe aliuona uso ule akamwuliza sababu yake. Dalili ilionekana, na swali likaulizwa. Tena Kaini, kwa mikono yake, aliua mtu mmoja. Kijana tutakayemsimulia sasa aliwapiga watu kumi na mmoja kwa dakika chache. Asiyeona tofauti hiyo hataki kuiona.

Katika jimbo la Michigan kuna mji mdogo uitwao Oxford. Siku ya Ijumaa, 26 Novemba 2021, baba mmoja alikwenda dukani pamoja na mwanawe wa miaka 15, akanunua bastola. Mama akaitaja silaha hiyo kuwa ni zawadi ya Krismasi ya mtoto, na kesho yake akampeleka mahali pa kulengea shabaha. Jumatatu, mwalimu alimwona kijana darasani akitafuta habari za risasi katika simu yake. Shule ikampigia mama simu, naye asijibu. Badala yake akamwandikia mwanawe kwa mzaha kwamba hakumkasirikia, ila ajifunze kutokukamatwa.

Jumanne asubuhi, tarehe 30 Novemba, yaani sikukuu hii tunayoiadhimisha, mwalimu mwingine aliona karatasi ya hesabu ya kijana yule. Alikuwa amechora bastola, na risasi, na mtu anayevuja damu, akaandika kwamba mawazo hayamwachi, na kwamba asaidiwe. Hapa sisi tuliokaa miaka mingi tukisahihisha madaftari, na kuwafundisha walimu wapya namna ya kuyasahihisha, tunasimama kidogo. Mwalimu yule alifanya kazi yake. Wengi wangeweka alama ya kosa katika hesabu na kufunua ukurasa. Yeye alitazama pembeni mwa karatasi, mahali pasipo na maksi, akapeleka habari.

Wazazi wakaitwa, wakaja. Mshauri wa wanafunzi akawaambia wampatie mtoto msaada bila kuchelewa. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Wazazi hawakumchukua mtoto nyumbani, wakarudi kazini. Hawakusema kwamba ndani ya nyumba yao mna bastola ya siku nne. Wala shuleni hakuna aliyefungua mkoba wa kijana na kuutazama. Akarudishwa darasani na mkoba wake, na bastola imo ndani. Kabla ya saa saba mchana wanafunzi wanne walikuwa wamepigwa risasi za kuwaua, na watu wengine saba wamejeruhiwa, mmoja wao mwalimu.

Ndugu, hapa haikukosekana dalili. Habari ile ilipita mikononi mwa watu wazima kama chungu cha moto, kila mmoja akimpa mwenzake haraka asije akaungua. Na katika siku zile zote, wale waliojua habari ya bastola hawakuiweka pamoja na ile habari ya karatasi.

Mwaka 2024 jambo hilo lilifika mahakamani kwa namna ambayo haikupata kuonekana Marekani. Mama mwezi wa Februari, na baba mwezi wa Machi, kila mmoja kwa kesi yake, walionekana na hatia ya kusababisha vifo vya wanafunzi wale wanne bila kukusudia. Mwezi wa Aprili wakahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Wako waliosema hukumu ilikuwa kali mno, maana hakuna mzazi awezaye kuona yaliyomo moyoni mwa mtoto wake. Tunakubali kwamba moyo haufunguliwi kama sanduku. Lakini sheria ya Musa haimtaki mwenye ng'ombe awe nabii. Inamwuliza mambo mawili tu: Je, uliambiwa? Na baada ya kuambiwa, ulifunga mlango wa zizi?

Wala asiseme mtu kwamba tunamfananisha mtoto na ng'ombe. Mtoto huyu alikuwa mtu mwenye roho, tena katika taabu. Kilichopaswa kufungiwa ni ile bastola.

Tena si wazazi peke yao wanaoambiwa na kunyamaza. Huko Scotland, nchi ambayo msimamizi wake ni huyu huyu Mtakatifu Andrea, tarehe 13 Machi 1996 mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane akawaua watoto 16 wadogo na mwalimu wao. Bastola zake alizimiliki kwa kibali halali. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwaka 1991 ofisa mmoja wa polisi aliandika akishauri kibali hicho kiondolewe. Barua ikasomwa, kibali kikabaki. Baada ya msiba Waingereza hawakukaa wakichagua kati ya dalili na silaha. Mwaka 1997 walipiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia.

Na mwaka 2002 Wamarekani wenyewe, yaani idara inayomlinda Rais wao pamoja na Wizara ya Elimu, walitoa taarifa juu ya mashambulio 37 yaliyofanywa mashuleni kati ya mwaka 1974 na 2000. Waliona kwamba katika mashambulio zaidi ya manne kwa kila matano, yuko mtu aliyejua mapema, na mara nyingi alikuwa kijana mwenzake. Na washambuliaji walio wengi walipata bunduki kwao nyumbani au kwa jamaa. Basi wenye kutaja dalili na wenye kutaja silaha wanatazama nyumba moja kwa madirisha mawili.

Torati inayo sheria nyingine, Kumbukumbu la Torati 22:8, inayomwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asianguke. Ukuta huo hujengwa kabla hajaanguka mtu. Michigan wamejenga wa kwao wakiwa wamechelewa, lakini wamejenga: tangu 13 Februari 2024, mwenye bunduki katika nyumba yenye watoto anatakiwa na sheria kuifungia, na mahakama inaweza kuamuru silaha iondolewe kwa mtu aliyeonekana kuwa wa hatari. Sisi tusio na bastola tusijisifu upesi. Sumu ya panya na dawa ya kunyunyizia mimea huwekwa wapi nyumbani kwetu, na katika nyumba hiyo yuko nani aliyeacha kula na kusema na watu?

Juu ya Andrea Injili haisemi mengi. Lakini katika Yohana sura ya 6, penye umati wa maelfu, na mtume mwenzake akihesabu fedha, yeye ndiye aliyemwona mtoto mmoja na mikate yake mitano, akamwambia Bwana kwamba mtoto yupo. Hakujua la kufanya. Hata alitia shaka kama inafaa kitu. Ila alisema alichokiona kwa yule awezaye, papo hapo.

Katika Sala ya Jioni ya sikukuu hii tutawaombea wale wanafunzi wanne wa Oxford, na waliojeruhiwa, na walimu wao. Tutamwombea pia yule kijana, ambaye mwezi wa Desemba 2023 alihukumiwa kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiliwa, na ambaye asubuhi ile, juu ya karatasi yake ya hesabu, alikuwa ameomba asaidiwe.